Siku Niliponadi Mbegu za Mama Anitha

Mimi mtoto wa Temeke, mboga nilizijua zikiwa mafungu sokoni, kwa hiyo mnisamehe kabla sijaanza, maana aibu niliyoipata Busunzu, kule Kibondo, mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, hata mama yangu mzazi sijamsimulia yote.

Nilipanga chumba kwa Mama Anitha, mjane mwenye bustani nyuma ya jiko: vitunguu, nyanya chungu na lengalenga (ndiyo mchicha, ila wao wana ule mwekundu). Mwezi wa tisa, mvua za vuli zikinukia, akaenda Mabamba kumwona bintiye aliyejifungua. "Mwalimu," akaniambia, "mwagilia asubuhi na jioni, mboga uchume ule." Jumapili ikawa ya mavuno kanisani, kila mtu apeleke alicholima, na mimi naona haya kwenda mikono mitupu, basi nikaingia bustanini nikakuta mashina matatu ya lengalenga yamenipita kimo, vichwa vimejaa, kila shina limefungwa kitambaa cha kitenge. Nikasema Mungu hapewi makapi! Nikang'oa yote matatu na mizizi yake, vitambaa nikaviacha (nilidhani ni pambo, jamani).

Baada ya ibada ukaanza mnada nje. Kuku akagombewa, mkungu wa ndizi ukagombewa, yalipoinuliwa mashina yangu hakuna aliyetaja bei, kina mama wanatazama chini. Nikawaona mabahili hawa! Nikanyoosha mkono nikataja bei mwenyewe, eti niwape moyo. Ndipo Mama Anitha akatokea, mzigo kichwani, ndiyo kwanza anafika kutoka Mabamba.

"Mana yanje, Mungu wangu! Mwalimu, umeng'oa mbegu zangu?"

Kumbe kile kitambaa maana yake usiguse, huu umeachwa wa mbegu, na hilo hata mtoto wa chekechea wa pale analijua. Akapukuta kichwa kimoja kiganjani, mbegu nyeupe, hazijakomaa. Marehemu mama yake ndiye aliyevuka nazo kutoka Burundi, kazifunga kwenye pindo la kitenge, na mvua ilikuwa mlangoni, akiba hana. Hakunigombeza, aliketi tu chini pale uwanjani akazishika. Afadhali angenizaba kibao.

Jioni akaniita. "Mbegu hizi nimewagawia watu miaka mingi. Utazunguka wewe kuziomba. Na uwaambie kwa nini."

Nikazunguka wiki nzima, nikitoka kazini napiga hodi, "Shikamoo mama, mimi ndiye yule mwalimu..." sijamaliza, nyumba nzima inaangua kicheko, "Karibu, mnadi mbegu!" Wananikalisha, wananipa ugali wa muhogo na maharage, wananiuliza kwetu wapi, nimeoa au bado, ndipo mama mwenye nyumba anafungua kopo na kunimiminia mbegu kidogo kwenye karatasi. Mvua ilipopiga, Mama Anitha alizisia, akabakiza na za kumpelekea bintiye.

Sasa nimehamia Kasulu mjini, mboga nanunua tena mafungu, muuzaji hata jina langu halijui. Nimeapa sing'oi mmea wa mtu bila kumuuliza mwenyewe, na kiapo nimekishika. Ila nikizikumbuka zile nyumba roho inaniuma, maana nilikuwa nimekaa Busunzu miezi minane bila kugonga mlango wa mtu hata mmoja.