Kilio cha Mkurugenzi

Shangazi yangu alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na mmoja. Alipopooza baada ya kustaafu, aliyemwogesha na kumkata kucha ni fundi cherehani wa jirani, mwanafunzi wake wa zamani. Mkurugenzi wa halmashauri yetu, aliyejigamba mjini kote kwamba shangazi ndiye aliyemtoa ujinga, hakukanyaga kwetu hata siku moja.

Mazishini alikuja na mpiga picha wake. Akaninong'oneza, "Dada, hivi marehemu alikuwa anafundisha nini?"

"Kusoma na kuandika."

Akashika kipaza sauti, akaangua kilio. "Mkono huu, ndugu zangu, aliufundisha yeye kuandika."

Watu wakafuta machozi. Mimi nikaenda kukaa nyuma kabisa na fundi, ambaye hakuna aliyemwomba aseme neno.