Siku Walipojaribu Hema Uani Kwangu

Binti yangu alikuja likizo ya Pasaka mwaka huu pamoja na mumewe Mjerumani, watoto wao wawili, na mfuko mrefu mweusi ambao nilipouona ukishushwa garini nilidhani wamebeba maiti. Ndani mlikuwa na hema. Walilitoa Ulaya wakalifikisha Idsowe, kijijini kwetu kando ya mto, ili watoto wazoee kulala ndani yake, kwa sababu mwezi wa Julai familia nzima itakwenda kukaa siku kumi kwenye uwanja wa kambi kando ya ziwa huko kwao, na mimi nikiwa mmoja wao. Pasi yangu ilikuwa tayari, viza pia. Mke wangu, mama watoto, alikataa tangu mwanzo. Alisema hapandi chombo asichoweza kushuka njiani. Kwa hiyo ni mimi tu, na kilichobaki, alisema binti, ni mazoezi.

"Nyumba yenu imepatwa na nini?" nilimuuliza.

"Haijapatwa na kitu, baba. Ni starehe. Watu hulipia."

"Hulipia kulala nje?"

"Na nafasi hugombaniwa. Sisi tuliwahi yetu mwezi wa kwanza."

Akanionyesha kwenye simu orodha ya vitu vya kubeba: magodoro ya kujaza upepo, jiko dogo la gesi, makoti ya mvua, vikombe vya plastiki, poti ya mtoto mdogo. Akanionyesha na picha za mwaka jana. Watu wazima, wengine wa umri wangu, walikuwa wakitoka kwenye mahema asubuhi na karatasi ya chooni kwapani, wakisalimiana njiani kuelekea bafu moja la wote. Niliirudia picha ile mara tatu.

Wakalisimamisha hema uani, kati ya jiko na zizi la mbuzi. Mkwe wangu alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake akiwa na kaptura, akigongelea vigingi. Mama watoto aligeuza kiti chake akatazama upande wa pili, akaendelea kupepeta mchele. Ndani ya hema mlikuwa na vyumba viwili vilivyogawanywa kwa kitambaa. Binti alisema kimoja ni chake na mumewe, kingine ni changu na watoto.

"Mimi na mkwe wangu tutenganishwe na kitambaa?" nilisema. "Nisikie anavyojigeuza? Kwetu hapa mkwe haoni hata mkeka wangu."

Binti alicheka akamtafsiria mumewe, naye akawa mwekundu mpaka masikioni. Yakaisha palepale: nitanunuliwa kihema changu peke yangu.

Jirani mmoja alipita na baiskeli akielekea mjini Garsen, akasimama. "Mzee, mafuriko yamefika? Umehama na sisi hujatuambia?"

"Ni ya watalii hii," nilimjibu.

"Mwenye nyumba ya mabati anakuwa mtalii uani kwake," akasema, akaondoka akicheka peke yake.

Nilikuwa na furaha siku ile. Ninaliandika hilo kwa sababu sitaki isemekane nilikuwa nimeamka vibaya.

Mjukuu wangu mkubwa ana miaka minne. Alikiona kigingi kimoja kimelegea, akakivuta, na upande mzima wa hema ukaanguka juu ya sufuria ya chai. Hakuna aliyeungua. Lakini mimi nilipaza sauti, ile sauti yangu ya zamani ambayo nilidhani nimeiacha, na mkono nikauinua. Sikumpiga. Mtoto alisimama wima kama mti, akanitazama, na mkojo ukamteremka miguuni.

Binti alimbeba, akamwingiza kwenye ile nusu ya hema iliyokuwa bado imesimama, akafunga zipu. Alikaa humo kitambo. Alipotoka alikuja akasimama mbele yangu.

"Hakuumia," nilisema. "Lazima afunzwe. Hema si mchezo. Wewe uliwahi kukaa hemani, unajua tabu yake."

Nilikuwa nikisema juu ya mafuriko makubwa ya El Nino. Yeye alikuwa na miaka minane. Mto ulipofika mlangoni niliwapeleka mama yao na watoto kwenye mahema ya msaada, juu kwenye tuta la barabara, nami nikarudi kulinda nyumba na mabati yasiibwe. Nililala kwenye dungu, lile jukwaa la miti tunalokaa kuwafukuza ndege shambani, mtumbwi nimeufunga chini. Kila Jumamosi niliwapelekea ndizi. Hadithi hiyo nimeisimulia kanisani. Niliisimulia hata kwenye harusi ya huyu binti, na watu wakapiga makofi.

"Baba," alisema, "unajua kwa nini nawapeleka watoto wangu kambini kila mwaka?"

"Sijui."

"Kwa sababu zile wiki za tuta ndizo nzuri kuliko zote nilizoishi hapa. Tulilala tumebanana, tunacheka. Mama alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa sijui kama mama anacheka hivyo." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayesoma barua. "Jumamosi tulikuwa tunauona mtumbwi wako kwa mbali. Mdogo wangu alikuwa anakwenda kujificha nyuma ya magunia ya unga mpaka uondoke. Hukuwahi kumuulizia."

Ni kweli, sikumuulizia. Nilidhani amekwenda kucheza.

Nilimgeukia mama yao. Nilitaka aseme kwamba watoto husahau, huchanganya mambo. "Mama watoto, unasikia haya?"

Aliuweka ungo chini. "Yeye alikuwa mtoto," alisema. "Mimi nilikuwa mtu mzima. Mimi nilikuwa naomba maji yasipungue."

Nilikaa kwenye kiti changu mpaka mkwe wangu alipomaliza kulisimamisha hema upya. Mpunga wetu wote ulikuwa chini ya maji mwaka ule. Migomba ilikuwa ikioza. Na mke wangu alikuwa akimwomba Mungu maji yakae.

Nilikuwa nikiwapiga. Niseme wazi. Sikuwa mlevi, hata kisingizio hicho sina. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nilijua kuandika barua kwa mkuu wa wilaya, na nyumbani niliongea kwa mkono. Hayo niliyaita malezi.

Walirudi kwao wiki iliyofuata. Sikujua kama bado nakwenda kambini, na sikuuliza. Mjukuu alinipa mkono wa kwaheri kwa sababu mama yake alimwambia anipe.

Tangu hapo nimekuwa nikijifunza kusema chini. Kwenye mashine ya kusaga, Garsen, waliniuliza kama koo linaniuma. Mbuzi akiingia jikoni namtoa bila neno. Mama watoto hunitazama tu.

Jumapili iliyopita binti alipiga simu ya picha. "Baba, nimeamua uje. Lakini ukimpazia sauti mmoja wa watoto, mara moja tu, siku hiyohiyo nakupeleka uwanja wa ndege. Sitakuuliza alifanya nini."

Mtoto niliyemzaa ananipa masharti, na mimi sikuona kosa lake. Hilo nalo lilinishtua.

"Nimesikia, mama," nilisema. "Nipe huyo mkubwa."

Uso wake ulijaa kwenye simu. Nilimwambia polepole kwamba siku ile ya hema nilikosa mimi, si yeye, na kwamba si lazima anijibu. Alinitazama, kisha akailaza simu mezani akaenda zake. Mama watoto alikuja akaketi kando yangu, na sote wawili tukawa tunalitazama dari jeupe la nyumba yao, tukisikia miguu ya watoto ikikimbia mahali fulani, tukingoja mtu aje aiinue simu.