Unga Mchungu wa Sungura wa Kiringye

Siku yangu ya kwanza kazini nilimpiga mkubwa wangu muhuri. Nawaambia hili mapema, ninyi vijana mnaotaka kusomea uganga wa mifugo, msije mkadhani mzee huyu alizaliwa anajua. Ilikuwa katika machinjio ya Uvira. Mkaguzi wa Nyama, mtu mnene mwenye koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likataka kusimama lenyewe, alinikabidhi muhuri wa chuma na wino wa zambarau. Nyama iliyokaguliwa na kuonekana salama hupigwa muhuri huo pajani na begani, ndipo iruhusiwe kwenda sokoni. Nikaushika kwa mikono miwili, nikavuta pumzi, nikalenga paja la ng'ombe. Sakafu ilikuwa na damu, mguu ukateleza, na muhuri ukatua katikati ya mgongo wa Mkaguzi.

Mkaguzi akageuza shingo polepole, akajaribu kujisoma mgongo, akashindwa.

"Sasa minye niko nyama ya muzuri," akasema. "Haya, munipeleke ku soko."

Alilivaa koti lile wiki nzima kwa makusudi, na kila mchuuzi aliyeuliza alionyeshwa mimi kwa kidole. Lakini ni yeye aliyenifundisha kutazama tezi kabla ya kutazama mnofu, na kunusa kabla ya kukata. Pua, alisema, haina mshahara lakini ndiyo inayofanya kazi nyingi. Nilikaa chini yake miaka minne na sikumpiga muhuri tena.

Kutoka hapo nilitumwa Luberizi, kwenye ng'ombe. Huko mkubwa wangu alikuwa Daktari wa Kanda, mwembamba, mkali, mwenye pikipiki iliyolia kuliko ndama. Kazi ilikuwa kuchanja na kuogesha mifugo dhidi ya kupe. Siku moja fahali alikataa sindano, akanikokota na kamba mkononi kupita mashamba mawili ya mpunga, wenye mashamba wakinitukana kwa Kifuliiru na Kirundi, kila mmoja kwa lugha yake. Nilipoinuka, tope limenijaa hadi masikioni, Daktari alikuwa amesimama kwenye tuta.

"Juu ya nini haukuachilia ile kamba?"

"Ni kamba ya Serikali, Daktari."

"Na weye, uko wa nani?"

Nilikaa Luberizi sehemu kubwa ya ujana wangu. Nilimpenda mtu yule, ingawa hakuna siku aliyonisifu.

Basi nilipokaribia kustaafu, mradi mmoja wa ufugaji ukaomba mtu wa kusimamia sungura katika kijiji cha Kiringye, na mimi nikapewa kazi hiyo. Wenzangu walicheka. Walisema nimepandishwa cheo, nimetoka kwa ng'ombe nimekwenda kwa panya wenye masikio. Nami niliwadharau sungura kwa muda wa wiki moja hivi. Kisha wakaanza kufa, nikajua kwamba mnyama mdogo anaweza kumtia mtu jasho kuliko fahali.

Niwaeleze ugonjwa wenyewe. Mtoto wa sungura akiachishwa kunyonya, tumbo lake bado changa. Vijidudu vya utumbo, ambavyo kwa kawaida vinakaa humo kwa adabu, vinapata nafasi na kuzaana kupita kiasi. Tumbo linavimba kama mpira, mnyama anajikunyata pembeni akisaga meno kwa maumivu, kisha nyuma kunalowana kwa kuhara. Jioni ni mgonjwa, asubuhi ni marehemu. Watu walikimbilia vidonge vya binadamu, wakafungua zile kapsuli wanazopewa wenye kikohozi, wakawalisha. Hapo ndipo walipowamaliza, kwa sababu dawa nyingi za namna hiyo zikipitia mdomoni mwa sungura huua vile vijidudu vyema vinavyosaga majani na kuviachia uwanja vile vibaya.

Nikafikiri: kuwaponya ni vigumu, afadhali kuwakinga. Nilikuwa nimeona akina mama wa tambarare wakitumia majani ya mapera kwa tumbo la mtoto, na yale majani machungu ya mubirizi kwa minyoo. Nikayakausha kivulini, nikayatwanga pamoja na kitunguu saumu kilichokaushwa, nikapata unga wa kijani wenye harufu ya kumfukuza mgeni. Kijiko kimoja kidogo kilichanganywa na pumba za mpunga.

Mkubwa wangu wa mwisho alikuwa Shefu wa Mradi. Kijana, msomi, buti safi, simu mbili. Aliuangalia unga wangu kama mtu aliyeletewa uchawi kwenye kopo.

"Mzee, bila kulinganisha haina sayansi," akasema. Na hapo alisema kweli. Tukapanga jaribio. Vibanda kumi na viwili vya mbao, kila kimoja sungura mmoja, safu ya juu na safu ya chini, nyumbani kwa Mama Sifa, mjane aliyekuwa mwenyekiti wa akina mama wafugaji wa Kiringye. Safu ya juu wangepata unga, safu ya chini wasipate, mambo mengine yote sawa. Watoto wa sungura tuliwatoa kwenye kituo chetu cha Uvira. Katika kila uzao nusu waliletwa Kiringye, nusu Shefu alibaki nao hukohuko nyuma ya ofisi yake, bila unga, awaonyeshe wageni.

Kisha Shefu akanivuta pembeni. Safu ya juu wakipona na ya chini wakifa, akasema, vibanda vitabaki kwa akina mama na tutaongeza vingine. Tofauti isipoonekana, mradi utavibeba vyote na kuvipeleka kijiji kingine. "Na usimuambie ule mama. Akijua, atadanganya."

Nikakubali. Akina mama wale walikuwa wameanza kuwalisha wajukuu nyama mara moja kwa juma, jambo ambalo wengi wao hawakuwa wameliona tangu mifugo yao iishe wakati wa vita. Nilijua kitakachopotea, nikakaa kimya kwa kuwa mkubwa amesema.

Kila Jumatatu nilipanda pikipiki hadi Kiringye kukagua. Nilipima kopo la unga: limepungua kiasi kilekile kilichopangwa, wala kijiko hakikuzidi. Niliangalia majani: Mama Sifa aliyaanika yanyauke kwanza, kama nilivyomfundisha, maana majani mabichi yenye umande huchachuka tumboni. Sakafu za vibanda zilikuwa safi kuliko ofisi yetu. Safu ya juu wote wazima. Nikafurahi. Safu ya chini nao wote wazima. Furaha ikaingia mashaka. Juma la tatu, wazima. Juma la tano, wanene. Nilianza kuwaangalia safu ya chini kwa jicho baya, Mungu anisamehe, nikiomba angalau mmoja ajikunyate kidogo. Wakawa wanatafuna tu na kunitazama.

Siku ya mwisho Shefu alikuja mwenyewe na gari. Akasoma daftari langu, akalifunga. Akanipeleka nyuma ya gari na kuongea kwa sauti ya chini.

"Zote sawa. Unga yako haifanye kitu, Mzee. Juma yenye inakuja tutabeba vibanda."

Niliona uchungu mkubwa, na aibu pia, kwani mama wa watu alikuwa pale uani akituandalia viti, hana habari.

Saa ya kulisha ilikuwa imefika. Mama Sifa akachukua kopo la unga na kijiko, akagonga kijiko kwenye ukingo ili unga ulioganda uanguke. Ko, ko, ko. Safu ya juu wakasimama kwa miguu ya nyuma, pua zinacheza. Na safu ya chini, wale ambao kwa mujibu wa sayansi hawajawahi kuonja unga ule hata siku moja, wakasimama vilevile. Wote sita. Mmoja akaanza kutafuna waya.

Shefu akatazama juu. Akatazama chini. Akavua miwani.

"Mama, bale ba chini banasimamia nini?"

"Banangoja yabo, Shefu."

"Yabo gani? Tulikuambia ba chini basipewe unga!"

"Muliniambia nisibape ya mu ile kopo," akajibu Mama Sifa kwa upole. "Sikubapa ya mu ile kopo. Nilitwanga yangu."

Akaingia jikoni, akatoka na kibakuli cha unga wa kijani. Mapera yalikuwa ya uani kwake, mubirizi wa kwenye ua, vitunguu saumu vya sokoni. Aliutwanga vizuri kuliko mimi. Sasa nilielewa kwa nini kopo langu halikupungua kupita kiasi, na kwa nini nyumba nzima ilinuka hata nilipofika kabla ya saa ya kulisha. Pua yangu niliyofundishwa machinjioni ilikuwa imeniambia kila Jumatatu, nami sikuisikiliza.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Siku ya tatu, Veterineri. Siku ya kwanza nilijikaza. Ya pili nilijikaza." Akamgeukia Shefu. "Weye uko na batoto? Bibi yako anaweza kukata samaki ya mukeke, bengine banakula, bengine banaangalia? Bale ba chini harufu inabafikia. Banainua pua, banakuangalia. Minye nilisikia haya. Jirani akipita, atasema nini? Atasema Mama Sifa iko nachagula mu batoto."

Shefu alifungua mdomo aeleze maana ya kundi la kulinganisha. Alieleza vizuri, kwa Kifaransa na Kiswahili, akachora mistari miwili mchangani. Mama Sifa alisikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa ni mtu mwenye heshima.

"Nimeelewa," akasema. "Lakini ni mubaya."

Kisha, kama inavyopasa mgeni akishasalimiwa, akauliza habari za jamaa. Alikuwa bado hajapata nafasi.

"Na bale ndugu yabo, benye mulibakisha Uvira? Bako aje?"

Shefu akatoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni.

"Bako... kidogo."

"Kidogo namna gani?"

"Balikuwa kumi na mbili. Babakia babili."

Mama Sifa akaweka kopo chini. Akafunga kitenge vizuri kiunoni, akasimama wima kama watu wanavyosimama kwenye matanga. "Pole sana, Shefu. Balikufa na nini?"

"Tumbo."

Ndugu wa tumbo moja, umri mmoja, pumba zilezile. Mistari miwili mchangani ilikuwa bado ipo, na Shefu alikuwa amesimama juu ya mmoja. Mimi nilitazama kuku wa jirani kwa bidii sana, maana kicheko na machozi vilikuwa vinagombania mlango mmoja.

Mwishowe Shefu akakohoa. "Mama, ile yako ya kutwanga... kidogo yenye ilibakia iko?"

Mama Sifa akamfungia unga katika jani la mgomba. Vibanda havikuhama.

Katika ripoti Shefu alitaka tuandike kwamba unga umeshinda. Nilikataa, na ndiyo mara pekee niliyomkatalia mkubwa. Niliandika ukweli: jaribio liliharibika, na wale wa Uvira walikatiwa majani mabichi asubuhi na umande wake, vibanda vyao vikafagiliwa pale tu mtu alipokumbuka. Huenda ni unga. Huenda ni mkono wa Mama Sifa. Mkiwa na sungura, tumieni vyote viwili: kausheni majani, safisheni, wapeni unga kabla ya ugonjwa, wala msingoje tumbo livimbe ndipo mtafute mpera. Atakayewaambia kwamba majani peke yake yanatosha, anawauzia majani.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Songo, Uvira, na magoti yanasema kabla ya mvua. Mwezi ule nilipoacha kazi nilikwenda Kiringye kuaga. Mama Sifa alikuwa akichagua mawe kwenye mchele. Nikamwambia lile nililoficha: kwamba siku ile, kwa sababu ya unga wake wa siri, vibanda vyote vilikaribia kuondoka.

Akaacha kuchagua.

"Ungejua," nikamuuliza, "ungewapa bado?"

Aliinua macho kutazama vibanda.

"Ningebapa," akasema. "Alafu ningelia sana siku yenye munabeba." Akaokota jiwe moja, akalitupa. "Lakini weye, Veterineri, ulijua. Ulikunywa maji yangu kila Jumatatu. Juu ya nini haukuniambia?"

Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, na kila mmoja nilimpa jibu, la kweli au la kubahatisha. Mama Sifa nilimwambia tu, "Nisamehe." Akasema amesikia, akaendelea na mchele wake.