Kifuniko cha Nyota

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani, lakini Jumapili iliyopita nilitamani ningekuwa popote pengine.

Mavyaa wangu alikuja kwetu Changamwe kula mchana. Alikuwa anatafuta fundi wa kumtengenezea vifuniko vya bati vya kupikia harusi ya shemeji yangu, nami niliitaka sana kazi ile. Basi nikamfanyia mke wangu kifuniko cha kuonyesha. Nilishika tindo butu nikainua nyota kwenye bati, nikigonga kutoka upande wa chini. Bwana mkubwa wa karakana hunikanya kila siku nigonge taratibu, bati lisije likapasuka. Mimi nilitaka nyota zionekane tangu mlangoni, nikagonga kama navunja jiwe.

Mke wangu akapika wali wa nazi, akafunika, akapalia makaa juu ya kifuniko changu. Ulipopakuliwa, wali ulikuwa na madoa meusi.

"Msamehe, mama," nikasema. "Mwanao hana kipimo cha pilipili manga."

"Kwenye wali wa nazi?" mke wangu akauliza. "Wallahi sijatia hata punje."

Mavyaa akatafuna kidogo. "Hili ni vumbi la makaa."

Nikasema labda ni upepo. Mavyaa akakipangusa kifuniko kwa upindo wa leso, akakiinua usoni, akafumba jicho moja na kunichungulia kupitia nyota ya katikati.

"Nakuona, fundi," akasema. "Vya harusi nitaagiza kwingine. Wewe nifanyie chujio la chai."