Gundi ya Gitaa la Bruda

Juzi nilikwenda Majengo kushonesha kiatu. Jirani na fundi viatu kulikuwa na seremala anachemsha gundi ya ngozi, ile ya zamani, na mate yakanijaa mdomoni. Usinicheke. Wenzangu mate huwatoka kwa harufu ya nyama, mimi hunitoka kwa gundi, na nimezeeka na aibu hiyo bila kumwambia mtu. Leo nakuambia wewe.

Turudi nyuma, miaka ile baada ya Maji Maji, nilipokuwa msichana wa miaka kama tisa. Vita ilikuwa imekwisha, iliyobaki ilikuwa njaa. Wajerumani walichoma maghala na mashamba, na hapa kwetu Songea watu walikula walichokiona: matunda ya msuku porini yakiiva, kumbikumbi wakiruka, na mizizi ambayo Bibi aliichemsha mara tatu ili isituue. Mama alikuwa amefariki. Baba alivuka Mto Ruvuma wakati wa vita, asirudi. Kwa hiyo mimi na mdogo wangu wa kiume tulilelewa na Bibi mzaa mama, pamoja na Mjomba, aliyekuwa seremala wa misheni.

Karakana ya misheni ilisimamiwa na mtawa mmoja wa Kijerumani tuliyemwita Bruda, mwenye ndevu nyekundu, mtu wa haraka lakini si mbaya. Gitaa lake liliungua pamoja na kanisa. Siku moja alimwita Mjomba, akamchorea gitaa kwa mkaa juu ya ubao, akasema: likiwa tayari kabla ya Noeli, utachukua kikapu cha mbegu za mahindi. Mbegu! Shamba letu lilikuwa limelimwa, mawingu yameshajikusanya, na hatukuwa na punje ya kutia ardhini. Bila kikapu kile tusingeuona mwaka mwingine, na hata mimi mtoto nililijua hilo.

Basi Mjomba, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa ametengeneza vinu, milango na majeneza, akaanza kuunda gitaa. Nilishinda naye karakanani. Mgongo na mbavu alizitoa kwenye mninga, akazipiga randa mpaka zikawa nyembamba za kupindika. Kwa uso wa gitaa alitaka mbao laini, akabomoa sanduku lililokuja na vitu kutoka Ulaya. Mbavu alizipinda kwa mtutu wa gobore lililovunjika: anautia motoni, analowesha ubao, anaubonyeza polepole juu ya chuma, mvuke unatoka ukinukia. “Mti ni kama mkwe,” aliniambia, “ukiuharakisha mnakosana.”

Ikabaki kuunga. Gundi yenyewe ilikuwa ngozi ya ng'ombe tu, inayochemshwa kutwa mpaka maji yawe mazito na kunata. Bruda alitoa kipande kimoja, cha mwisho, maana ng'ombe nao walikuwa wameisha. Mjomba akateleka chungu, akanipa mwiko, akaenda msituni kukata fito za kubania. “Koroga, isishike chini,” alisema. Harufu ilipoanza kupanda ilikuwa harufu ya supu kabisa. Mdogo wangu, niliyekuwa nimembeba mgongoni, akaamka akaanza kulia. Hakulia kwa nguvu, na hilo ndilo lililonishinda. Nikateka kidogo kwa kata, nikapuliza, nikamnywesha. Akanyamaza. Nikamwongeza. Kisha na mimi nikaonja.

Mjomba aliporudi alikuta ukoko. Alichungulia chungu, akatutazama midomo yetu inavyong'aa. Nilijikunja kungoja kofi.

“Mmeshiba?” aliuliza.

“Tumeshiba, Mjomba.”

Akakaa juu ya gogo akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaacha kucheka na machozi yakaendelea.

Nyumbani, Bibi alisikiliza habari yote bila kunitazama. Halafu akapanda juu ya kinu, akaingiza mkono kwenye nyasi za paa, akatoa mkeka uliokunjwa. Ndani yake mlikuwa na ngao ya Babu, ya ngozi ya fahali, nyeusi yenye mabaka meupe. Sikujua kama ipo. Babu alinyongwa na Wajerumani pamoja na wazee wenzake, na ngao zilikusanywa zikachomwa. Aliyekutwa nayo, kamba ilimngoja naye.

“Hapana, Mama,” Mjomba alisema. “Ndicho kitu pekee tulicho nacho cha Baba.”

Bibi akatuelekezea midomo sisi watoto. “Na hawa je, si wa kwake? Lete kisu.”

Tuliiloweka kwenye maji ya majivu siku tatu, nikakwangua manyoya mwenyewe, meusi kisha meupe. Siku ya kuchemsha, Bibi ndiye aliyekaa na chungu, na mimi nikatumwa maji ya mtoni, ingawa kisima kilikuwa hapo nyuma. Sikumlaumu.

Gitaa likashika. Bruda akafunga nyuzi alizokuwa ameziweka koponi, akakaza, akapiga. Mpaka leo sijui nikueleze vipi sauti ile. Ilikuwa nene na tulivu, nikasikia kifua changu chote kinaitika. Bibi, aliyekuja kuchukua mbegu, akaketi chini mlangoni mwa karakana, akanyoosha miguu, akaweka mikono kichwani, akaangua kilio. Bruda akashtuka, vidole vikasimama.

“Bibi analia nini?”

“Amefurahi, Bruda,” Mjomba alijibu. “Kwetu ndivyo tunavyofurahi.”

Bruda akatabasamu, akaupiga wimbo tena, tangu mwanzo.

Tulipanda kesho yake, na mahindi yakatoka. Mdogo wangu leo ana wajukuu, na akikaa sana kwangu namtania kwamba ni ile gundi inamzuia kuondoka. Karakana haipo, yamebaki mawe ya msingi. Bruda aliondoka Waingereza walipoingia, na gitaa sijui liliishia wapi. Bibi na Mjomba wametangulia. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, ndipo nilipokielewa kilio kile, nami nikalia peke yangu shambani. Babu alifukiwa shimo moja na wenzake, hatukuonyeshwa mahali, na kwa woga hakuna aliyethubutu kumlilia kwa sauti. Matanga yake yalikuwa siku ile, mlangoni mwa karakana, na aliyetupigia muziki alikuwa Mjerumani.