Nilimuunguza Dada Shingo, Lawama Nikamtwisha Mumewe

Shemeji yangu hakumuunguza dada yangu. Nilimuunguza mimi, kwa mkono wangu huu, halafu nikanyamaza watu wakimtukana yeye. Majina nimeyabadilisha. Mkitaka kunitukana nitukaneni tu, nimestahili.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni Dar, nasoma kemia. Kwetu ni Nachingwea, kata ya Mkotokuyana, tumekulia kwenye mikorosho. Ndiyo maana utafiti wangu wa kumalizia chuo niliuchagua kwenye maganda ya korosho. Yale mafuta meusi yanayobabua mikono ya wabanguaji, mimi nilikuwa nayaunganisha maabara na kemikali nyingine, hatua kwa hatua, natafuta kitu cha kuua fangasi wa ngozi.

Nikapata unga wa rangi ya maziwa. Nikaujaribu kwenye kisahani chenye fangasi, baada ya siku chache fangasi wote wamekufa. Jamani, nilijiona nimemaliza!

Msimamizi wangu, mama mmoja asiyecheka ovyo, alikitazama kile kisahani akaniambia, "Hapo hata dawa ya kusafishia choo ingeua. Huu unga bado una tindikali uliyotumia kuutengeneza. Usafishe kwanza, tuupime. Na hautoki humu ndani."

Niliitikia vizuri kabisa. Moyoni nikasema mama huyu ana wivu. Likizo ilipofika nikaondoka na kichupa cha unga ule, nimekificha ndani ya soksi.

Nisiwadanganye kwamba ilikuwa huruma. Ilikuwa chuki. Dada yangu Somoe aliolewa Ruangwa na mchimbaji wa dhahabu wa Namungo, nimwite Hassani. Yule mtu sikumpenda tangu siku ya posa. Idi moja, mbele ya wajomba zangu wote, alisema mimi niko Dar miaka mitatu nachemsha maganda ya korosho, wakati mama anayachoma uani kila siku na cheti hana. Watu wakacheka. Mama naye akacheka. Nikaapa kwamba ipo siku atanitambua.

Basi nikaenda Ruangwa kumsalimia dada. Nikamkuta ana fangasi shingoni, wamepanda mpaka chini ya sikio. Dawa ya zahanati alikuwa anapaka leo, anasahau kesho na keshokutwa. Hassani alikuwa kazini. Nikauchanganya unga wangu na mafuta ya mgando, nikamwambia dada kwamba dawa hii walimu wetu wameshaipima. Akavua mtandio, akainamisha kichwa, akanipa shingo.

Haikupita nusu saa akasema inachoma. Nikamwambia ndiyo inafanya kazi, vumilia. Alivumilia, maana mimi ndiye msomi wa ukoo. Ilipofika alasiri ngozi ilikuwa imejikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka, na alipojifuta ikatoka na kitambaa. Ndipo Hassani akaingia. Alimpakia mkewe kwenye bodaboda, mimi nikafuata na nyingine.

Hospitali muuguzi aliuliza mgonjwa amepaka nini. Dada akataja dawa yangu. Hapo ndipo ningeweza kusema kweli. Nikamkatiza. Nikasema dawa yangu ni safi, imepimwa. Kilichomuunguza ni sumu za machimboni ambazo mumewe anakuja nazo kwenye nguo mpaka kitandani. Nikaongeza kwamba mimi nasoma kemia, haya mambo nayajua.

Hassani alinitazama. "Shemeji, nguo za kazi naziacha kulekule. Dada yako anajua."

"Wewe unajua nini kuhusu kemikali?" nikamjibu, watu wote wa foleni wakisikia.

Kaka zetu walipopata habari walikuja kutoka Nachingwea na hasira zao. Wakamchukua dada, ambaye naye aliniamini mimi msomi, pamoja na watoto. Kisha wakaenda Namungo, wakamtukana Hassani mbele ya wachimbaji wenzake kwamba anamuua mke kwa sumu. Alikuja kwetu mara mbili kumfuata mkewe, wakamfukuza kwa panga. Mara ya tatu hakuja. Alituma talaka.

Nami nilikuwa nimesharudi chuoni. Nikaupima unga uliobaki. Tindikali ilikuwa tele, kama nilivyoambiwa. Msimamizi alipolinganisha daftari langu na unga uliokuwepo, akaona pengo. Nikabanwa, nikaeleza yote. Utafiti ukafutwa, mwaka nikarudia. Nilianza kulia namwomba msamaha, akanikata: "Mimi sikuungua. Nenda kwa aliyeungua."

Nilichelewa tena miezi kadhaa, kwa woga. Siku niliyokwenda, eda ilikuwa imekwisha zamani, na Hassani ameshaoa mwingine, anaishi naye Nanganga. Nilimkuta dada na mama wanapeta mbaazi. Nikasema yote bila kumtazama mtu. Mama alinijibu kwa Kimwera, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Dada aliweka ungo chini. "Kovu nimeshalizoea," alisema. "Lakini mwaka mzima umenisikia kwenye simu nikimlaani baba wa wanangu, ukanyamaza. Usiniite dada tena."

Nilimfuata Hassani Nanganga. Hakunikaribisha kiti. Alisikiliza amesimama mlangoni, akauliza kama shingo ya Somoe imepona. Nikasema imepona. Akasema msamaha wa mlangoni hautaki. Niende na kaka zangu nikayaseme palepale Namungo, mbele ya watu walewale waliosikia akiitwa muuaji.

Sijaenda. Kaka zangu wamekataa kunisindikiza, hawataki hata kuniona, na kwenda peke yangu nimeshindwa. Nimeona afadhali niandike hapa bila jina, na najua huo nao ni woga.

Wewe mwanafunzi uliyepata kitu kinachoua wadudu kwenye kisahani, usikitoe maabara kwenda kuwaonyesha waliokucheka. Mpaka wenye kazi yao wakipime, hujui umebeba dawa au umebeba moto. Na ukishamuunguza mtu, sema hapohapo hospitali, muuguzi akiwa bado ameshika kalamu. Kidonda cha dada kilipona kwa wiki sita. Ndoa yake niliiua kwa sentensi mbili, na hiyo hakuna maabara itakayoirudisha.