Springi ya Gobori la Babu

Nakumbuka asubuhi niliyoondoka nyumbani na gobori la Babu begani, nikateremka kwenda Arusha kulitafutia fundi. Enzi za Mdachi hizo, mwanangu, boma lake pale mjini bado linanuka chokaa. Zilibaki siku nne bibi arusi wangu aingie kwetu, na mimi nilitembea nimejaa majivuno hadi masikioni.

Gobori lile Babu alilipata kwa watu wa misafara, ujanani mwake. Kila bibi arusi wa nyumba yetu alipovuka lango la ua, lilipigwa mara moja kwa baruti tupu, na watu wakajua shughuli imeanza. Kisha springi ya mtambo ikakatika, likanyamaza miaka mingi. Babu sasa alikuwa amedhoofu. Aliniambia, "Nataka kulisikia mara moja tu, ndipo niwaage." Nikamwahidi.

Njiani nilimpita Mzee Lemburis, mhunzi, jirani yetu. Sisi Waarusha zamani hatukuchanganyika na wahunzi. Tulichukua mikuki na sime zao, lakini hatukula kwao wala hatukuoana nao. Kitu kilichotoka mkononi mwa mhunzi ulikipokea baada ya kujipaka mafuta ya kondoo viganjani, usije ukapata nuksi. Mzee alinisalimu vizuri, nami nikaitikia huku natembea. Hata leo nikikumbuka naona haya.

Mjini kulikuwa na fundi Mswahili, mzee wa Pangani, akitengeneza bunduki barazani kwake. Nikamwamkia, "Shikamoo, fundi." Akaitikia marahaba, akalifungua gobori taratibu, kama mtu anayemvua mtoto nguo amwogeshe. Akasugua kutu, akapaka mafuta, kitako kilichopasuka akakifunga kwa waya wa shaba. Mwisho akaniinulia vile vipande viwili vya springi.

"Hii inataka chuma cha mkuki na moto wa mvukuto," akasema. "Mimi nina tupa na bisibisi tu. Kazi za namna hii humpelekea mhunzi mmoja wa huko kwenu mlimani, anaitwa Lemburis. Unamjua?"

Nikasema namjua. Sikusema kwamba nimetoka kumpita.

Kesho yake nikaenda kwa Mzee Lemburis, na pembe ya mafuta ya kondoo nimeificha ndani ya shuka. Mkewe akavuta mvukuto, naye Mzee akakata ncha ya mkuki uliovunjika, akaipondaponda, akaipinda, akaipiga tupa mpaka ikalingana na springi ya zamani. Nilisahau kwamba nilikuja kwa shingo upande, nikabaki kushangaa tu. Akairudisha motoni, na ilipoiva nyekundu akanitazama.

"Hayo mafuta uliyoficha, yalete," akasema. "Ukiipoza kwa maji itakatika. Inataka mafuta."

Akayamimina yote chunguni, akaizamisha, moshi ukapanda. Mkewe alicheka hadi akauachia mvukuto. Mzee akafunga mtambo, akaujaribu, ukalia kah, kisha akaninyooshea gobori. Mafuta hakuna tena. Nikalipokea hivyo hivyo kwa mikono mikavu, na mwanangu, sikupata nuksi yoyote isipokuwa aibu.

Nikamuuliza nimpe nini. "Nataka kulisikia likipigwa, nikiwa ndani ya ua," akasema. "Arusi zenu zote nimezisikia nikiwa huku."

Nilimweleza Babu kila kitu, hata namna nilivyompita mhunzi bila kusimama. Nilitegemea anigombeze. Badala yake akasema, "Kumpita ulijifunza kwa nani? Ni kwangu. Nenda kamlete."

Siku ya arusi Mzee Lemburis na mkewe walikaa ndani ya ua, yeye kwenye kigoda ubavuni mwa Babu, na wajomba zangu wakanuna kweli kweli. Bibi arusi alipofika langoni, Babu akampa mhunzi gobori. "Kazi ni yako," akamwambia, "lipige mwenyewe." Likanguruma hadi mbuzi wakakimbilia kwenye maharage, na bibi arusi akacheka badala ya kuinamisha kichwa alivyofundwa. Babu alilia na kucheka kwa pamoja. Akamshika Mzee Lemburis mkono mbele ya watu wote, asiuachie mpaka chakula kilipoletwa. Wajomba nao walipoona nyama inapungua wakaacha kununa.

Wala Babu hakutuaga. Aliishi mavuno mawili zaidi, na kila alipopata nguvu alijikongoja kwenda kunywa pombe ya ndizi kwa mhunzi.

Basi, mwanangu, ukiwa na kitu cha wazee wako kilichoharibika, mtafute fundi kwa kazi yake, wala usiulize ukoo wake. Anza na jirani kabla hujaenda mbali. Na akimaliza kazi, mkaribishe ndani, akae pale anapokaa mzee wako. Babu yangu alimpata rafiki yake akiwa amebakiwa na mavuno mawili tu, ingawa waliishi majirani tangu utoto. Wewe bado kijana. Mungu akupe rafiki wa namna hiyo, na akupe miaka mingi ya kukaa naye.